Maziwa yangu yana pengo, je, nimhamishie mtoto kwenye kopo?

BARUA

Shikamoo, Mshauri.

Naandika saa tisa usiku, mtoto kalala kifuani na simu nimeishika kwa mkono mmoja, kwa hiyo nisamehe nikikosea herufi. Nina mtoto mmoja wa kiume, ana wiki 11. Alizaliwa kwa upasuaji, mimba ikiwa imetimia, akiwa na kilo 3.1. Ananyonya tu, hajapewa kitu kingine, isipokuwa usiku mmoja ambao nitakueleza.

Nilipokuwa mjamzito niliombwa kushiriki utafiti wa maziwa ya mama. Nilikubali kwa moyo mweupe. Mtoto alipotimiza mwezi nikakamua maziwa kwenye kichupa, wakaja kukichukua, wakaahidi kutuletea majibu. Yamekuja wiki tatu zilizopita: ukurasa mmoja wenye mchoro wa nguzo za rangi, kila nguzo ni aina moja ya sukari. Chini wameeleza kwamba sukari hizi hazimpi mtoto nguvu, kwa sababu tumbo lake haliwezi kuzimeng'enya. Zinashuka zilivyo hadi utumbo mpana, huko ziwe chakula cha bakteria wazuri. Nguzo zangu nyingi zipo. Lakini ile ya kwanza kabisa, iliyoandikwa 2'-FL, ambayo kwa mama wengi ndiyo ndefu kuliko zote, kwangu haipo. Pale ni peupe, kama pengo la jino la mbele. Pembeni wameandika kuwa niko kwenye kundi la mama "wasiotoa".

Tangu siku hiyo sijakaa sawa. Nimeupanua ule mchoro kwenye simu mara nyingi hadi naweza kukuchorea nimefumba macho.

Mtoto mwenyewe tangu wiki ya tatu ana kilio cha jioni, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne. Anakunja magoti, uso unamwiva, anajinyonganyonga. Wiki hizi mbili kimepungua kidogo, ila sijui kama kweli kimepungua au ni mimi nimezoea. Halafu choo. Zamani alikuwa anapata mara tano kwa siku, sasa anakaa siku nne, na mara moja alifika sita. Kikitoka ni laini, cha njano, kingi mpaka kinampanda mgongoni. Nesi wa kliniki anasema uzito ni mzuri, kilo 4.9. Nilipomwonyesha majibu yangu aliyatazama, akanirudishia simu, akaniambia hajawahi kuona kitu kama hicho.

Kosa langu lilikuwa kumsimulia wifi yangu. Mtoto wake alikunywa maziwa ya kopo tangu mwezi wa kwanza na ana afya tele. Kesho yake alinijia na makopo mawili, akaniwekea kidole penye maandishi madogo: 2'-FL. Akasema, "Wewe huna, kopo linayo. Sasa unang'ang'ania nini?" Mshauri, nilikosa la kujibu.

Wiki iliyopita, usiku mmoja, mtoto alilia mpaka nikaona kichwa kinapasuka. Mume wangu alikuwa amelala. Nikaenda jikoni, nikakoroga chupa. Mtoto akainywa yote, akalala saa nne mfululizo, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Mimi sikulala. Nilikaa kitandani nikimwangalia, maziwa yakinichuruzika hadi gauni likalowa, nikalia. Nilijiambia, kumbe siku zote hizi shida ni mimi. Sijamwambia mtu.

Mume wangu ni mpole. Nikimwuliza anajibu, "Fanya unachoona sawa." Zamani nilidhani hilo ndilo neno ambalo kila mke angependa kulisikia, lakini siku hizi linaniacha peke yangu. Pia kuna matone ya bakteria niliyaagiza baada ya kuona tangazo. Kichupa kiko kabatini, sijakifungua.

Je, ni ubinafsi kuendelea kumpa maziwa yenye pengo wakati kopo lenye sukari hiyo liko jikoni? Nichanganye? Nimwachishe kabisa? Nimebaki njia panda.

Wako,
Mama Mwenye Pengo


JIBU

Marahaba, mwanangu. Herufi hazina kosa. Jina ulilojipa mwishoni sitalitumia, na sababu utaiona mbele.

Kwanza nihakikishe nimekuelewa. Una mtoto anayeongezeka vizuri, analia jioni na kukaa siku kadhaa bila choo. Una mchoro unaosema maziwa yako hayana sukari moja maarufu. Una kopo linalojitangaza kuwa nayo. Katikati ya hayo matatu umefunga kamba: analia kwa sababu mimi sina, na akipewa kilichomo koponi atatulia. Usiku wa ile chupa ukaja kukaza fundo. Ningependa tuilegeze kamba hiyo taratibu, maana mambo haya kukaa pamoja kwenye wiki ileile si ushahidi kwamba moja limelizaa jingine.

Nianze na sukari zenyewe, kwa sababu ulichoelezwa ni kweli ila kimefupishwa mno. Zinaitwa oligosakaridi za maziwa ya mama. Lita moja ya maziwa yaliyokwisha komaa huwa na kati ya gramu 5 na 15, na maziwa ya mwanzo, ile dang'a, huwa nazo zaidi. Ukiacha maji, kinachozidi humo ni laktosi, kisha mafuta, na sukari hizi zinafuata. Mara nyingi zinalingana na protini au kuipita. Hebu fikiria: mwili wako unatumia nguvu zake usiku na mchana kutengeneza chakula ambacho mwanao hakimeng'enyi. Ni cha wapangaji wake. Tangu 1899 Mfaransa Henri Tissier aliona kwamba kinyesi cha watoto wanaonyonya kimejaa bakteria fulani wenye umbo la tawi lililogawanyika, wale tunaowaita leo bifidobakteria. Ikachukua zaidi ya miaka hamsini kufahamika vizuri kuwa wanalishwa na sukari za maziwa ya mama. Bakteria hao wakila hutoa asidi, utumbo unakuwa mchachu kidogo, na vijidudu vingi vya kuharisha havipendi kuishi kwenye uchachu. Sukari hizi zina kazi nyingine pia. Baadhi zinafanana na vishikizo vilivyo kwenye ukuta wa utumbo, kwa hiyo kijidudu kinachotafuta pa kujishikiza kinashika sukari badala ya ukuta, kisha kinatoka nayo kwenye nepi.

Aina zilizokwisha tambuliwa zinapita 150. Rudi kwenye mchoro wako: umeniambia nguzo nyingi zipo, kisha barua nzima ukazungumzia moja tu ambayo haipo.

Sasa kuhusu hiyo moja. Ili mwili uitengeneze 2'-FL, yaani fukosilaktosi ya namba mbili, unahitaji jeni ya FUT2 inayofanya kazi. Katika jamii nyingi za watu, takriban mama mmoja kati ya watano hana nakala inayofanya kazi, na ndio hao wanaoitwa "wasiotoa", jina baya kweli kwa mtu anayetoa maziwa kila saa mbili. Mmezaliwa hivyo. Haitokani na upasuaji, wala chakula ulichokula au ulichokosa, wala wasiwasi, kwa hiyo usije ukaanza kunywa hiki na kile ukitafuta kuiongeza. Mama wa kundi lako wana sukari nyingine za jamii hiyohiyo, na mara nyingi ile dada yake, fukosilaktosi ya namba tatu, huwa nyingi kwenu kuliko kwa wenzenu. Hebu itafute kwenye mchoro wako kama waliipima.

Na kuna jambo ambalo naona watafiti hawakukuandikia pembeni. Watu wasio na jeni hiyo inayofanya kazi ni vigumu kushikwa na aina nyingi za virusi vya noro, vile vinavyowatapisha watu nyumba nzima. Kirusi kinakuja kutafuta mlango, hakiuoni. Jeni ileile iliyokunyima nguzo moja imekufungia mlango mwingine. Ndiyo maana sikulipenda lile jina la pengo. Mwanao pia ana nusu ya jeni zake kutoka kwa baba. Ikiwa mumeo ni wa kundi la wanaotoa, mtoto anaweza kuwa amerithi kwake nakala nzima, na mwili wake mwenyewe ukawa unatengeneza vishikizo vya aina hiyo kwenye mate yake na kwenye ukuta wa utumbo wake.

Sitakuficha upande wa pili, maana umesoma na utausoma tena usiku mmoja. Zipo tafiti zilizoona kuwa kwa watoto wa mama wa kundi lako, bifidobakteria huchelewa kidogo kushika nafasi miezi ya mwanzo. Na upo utafiti uliofanyika Mexico City, ukachapishwa 2004, ulioona kwamba watoto ambao maziwa ya mama zao yalikuwa na 2'-FL kwa wingi hawakupata sana kuharisha kunakosababishwa na bakteria aitwaye kampilobakta. Kwa hiyo sukari hii si hadithi ya tangazo, ina kazi yake. Lakini katika kila utafiti wa namna hii mimi huuliza swali moja, na ningeomba nawe ulizoee: wamemlinganisha nani na nani? Mexico City waliolinganishwa wote walikuwa wananyonya. Mtoto wa mama mwenye nguzo ndefu aliwekwa kando ya mtoto wa mama mwenye nguzo fupi, na kopo halikuwa kwenye mzani huo.

Liulize kopo swali hilohilo. Sukari iliyomo ni ya kweli. Hutengenezwa kwenye matangi na bakteria waliobadilishwa jeni, kisha husafishwa, na umbo lake ni lilelile la sukari iliyo kwenye maziwa ya mama. Imeanza kutiwa kwenye maziwa ya watoto karibu na 2016, na majaribio yameonyesha kuwa watoto wanaoinywa wanakua vizuri. Wamelinganishwa na nani? Mara nyingi na watoto wanaokunywa kopo lisilo nayo, na majaribio mengi yamegharamiwa na watengenezaji wenyewe. Ni habari njema kwa mtoto ambaye tayari anakunywa kopo. Haijibu swali la wifi yako, maana swali lake lingehitaji kulinganisha kopo lenye sukari hiyo na titi lako lenye zile nyingine zote. Maziwa ya ng'ombe, ambayo ndiyo msingi wa makopo mengi, yana kiasi kidogo mno cha sukari za aina hii, kwa hiyo kilichoongezwa ndicho karibu chote kilichomo: moja, pengine mbili, kwenye baadhi ya makopo tano au sita. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kinga za mwili zilizomo kwenye maziwa yako, na chembe hai, hazimo. Na ukisoma neno "pribayotiki", yaani chakula cha bakteria wazuri, kwenye kopo, soma pia orodha ya vilivyomo. Mara nyingi ni sukari zilizotengenezwa kutokana na laktosi au kuvunwa kwenye mizizi ya mimea. Nazo huwalisha bifidobakteria, ila si zile za mama.

Tuje kwa mtoto, ambaye nadhani mchoro umemfunika kidogo. Kilio cha jioni kinachoanza wiki ya pili au ya tatu, kinachofika kileleni karibu na wiki ya sita kisha kushuka polepole hadi mwezi wa tatu au wa nne, kipo kwa watoto wa titi na wa chupa, wa mama wenye nguzo ile na wasio nayo. Wako yuko wiki ya 11 na umeona kimepungua. Kwa nini unajinyima hata hilo, unasema labda umezoea? Choo nacho: mtoto anayenyonya tu, akishapita wiki ya sita hivi, anaweza kukaa siku kadhaa bila kwenda, na kikitoka laini na cha njano kama chako, huko si kufunga choo. Tumbo lake limejifunza kutumia karibu kila kitu unachompa. Ametoka kilo 3.1 hadi 4.9 kwa wiki 11, na nesi anayempima ameridhika na uzito huo.

Yapo mambo ambayo ukiyaona usiniandikie mimi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo: matapishi ya kijani, damu kwenye choo, tumbo gumu lililovimba, joto la 38 au zaidi kwa umri wake, kukataa kunyonya, kulegea, au nepi za mkojo kupungua sana. Kwenye barua yako sijaona hata moja.

Basi ule usiku. Alilala saa nne mfululizo. Maziwa ya kopo huchukua muda mrefu zaidi kumeng'enywa, kwa hiyo huenda tumbo lilikuwa limejaa tu. Huenda alikuwa amechoka kwa kulia. Usiku mmoja haukuwa na mwingine wa kuulinganisha nao. Nilichokiona mimi kwenye usiku huo ni mama aliyekwenda jikoni peke yake kichwa kikipasuka, mume amelala. Hukumdhuru mtoto wako, mwanangu. Na maziwa yaliyolowesha gauni hayakuwa ya mtu ambaye "hana".

Kwa hiyo una njia gani? Nitazipitia, ila kuchagua ni kwako.

Unaweza kuendelea kama ulivyo, titi peke yake mpaka miezi sita kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, halafu pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi. Kwa tumbo la mtoto hasara ya njia hii naiona ndogo. Hatari yake iko kwako. Ukiendelea huku ule mchoro ukiwa mahakama kichwani mwako, kila kilio kitakuwa shtaka, na mwishoni utaacha kunyonyesha kwa kuchoka na majuto badala ya kuacha kwa hiari. Ukiifuata, itabidi kitu kingine kibadilike nyumbani, nami nitakifikia.

Unaweza kuchanganya, tuseme chupa moja ya usiku. Familia nyingi hufanya hivyo na watoto wanakua. Uzijue tu gharama zake. Titi hutengeneza kwa kadiri linavyonyonywa, na homoni ya kutengeneza maziwa hupanda zaidi usiku, kwa hiyo kunyonyesha kwa usiku kukirukwa mara kwa mara bila kukamua, maziwa huanza kupungua. Hata tumboni, chupa za kopo zikizoeleka, jamii ya bakteria huanza kubadilika na kufanana na ya watoto wa kopo. Na maziwa ya unga si tasa hata kopo likiwa jipya. Maji ya kukorogea yawe yamechemka na yasiwe yamepoa chini ya nyuzi 70, kisha chupa ipozwe kabla ya kumpa mtoto. Sijui usiku ule ulifanyaje, sikuulizi kwa lawama, nakwambia kwa ajili ya mara nyingine ikiwepo. Kuna na mchanganyiko wa aina nyingine ambao hukuutaja: kukamua mchana, na mumeo kumpa chupa hiyo usiku mara moja, wewe ukiwa umelala na mlango umefungwa.

Unaweza kumwachisha kabisa. Sitasema kwamba utakuwa umemtupa mtoto, kwa sababu si kweli. Wangu wa tatu alinywa chupa tangu mwezi wa pili na leo ananizidi urefu kwa kichwa kizima, ingawa mtoto mmoja hathibitishi kitu, wala wa wifi yako. Ila ikiwa sababu ni ile sukari, hesabu yenyewe inanitatiza: utaacha sukari dazeni kadhaa ili upate moja. Ikiwa sababu ni uchovu, au hutaki tena, au mwili umegoma, hizo ni sababu halali zenye majina yake, nazo hazihitaji kujificha nyuma ya 2'-FL. Jiulize usiku mmoja ukiwa umetulia: kama mchoro ungekuja na nguzo zote, ungetaka kuendelea kunyonyesha? Jibu litakalokujia kwanza, liandike. Kurudisha maziwa baada ya kuacha kunawezekana, lakini ni kazi ya wiki nyingi, kwa hiyo hakuna haja ya kuamua kwa mwendo wa wifi.

Matone yale ya kabatini yana mantiki yake. Kuna aina ya bifidobakteria, infantisi, ambaye amejaliwa kuzila sukari hizi kuliko wenzake wote, na watoto wengi hawanaye, hasa baada ya upasuaji na dawa za kuua bakteria. Akikosekana, sehemu kubwa ya sukari hutoka na choo bila kuliwa. Lakini soma kichupa: bakteria gani, wangapi, muda wake unaisha lini, anahifadhiwaje? Ubora wa bidhaa hizi unatofautiana sana. Mwaka 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu kuwapa njiti waliolazwa hospitalini bidhaa za aina hii, baada ya mtoto mmoja kufariki. Wako si njiti, ana afya, hatari kwake ni ndogo zaidi. Bado ningemwonyesha daktari wa watoto kichupa chenyewe kabla ya kukifungua. Na tofauti za bakteria kati ya watoto wa upasuaji na wengine hupungua kadiri miezi inavyokwenda, hasa kwa wanaonyonya.

Nimesema kuna kitu cha kubadilika nyumbani. "Fanya unachoona sawa" inaweza kuwa heshima, na inaweza kuwa mtu asiyejua ashike wapi. Mpe mahali pa kushika. Saa mbili hadi saa nne usiku kilio ni chake: ambebe, atembee naye, wewe uende kuoga au kulala. Mwambie na habari ya ile chupa. Nadhani siri inakuelemea kuliko chupa yenyewe. Na ikiwa machozi haya yanakuja siku nyingi, au hata mtoto akilala wewe usingizi hauji, mweleze nesi au daktari hilo kabla ya kumweleza habari za sukari. Huzuni baada ya kujifungua ni ugonjwa unaotibika, na wengi hutibiwa huku wakiendelea kunyonyesha.

Wifi naye nimemfikiria. Alikuja na makopo mawili kesho yake, hakungoja hata wiki. Mtu hakimbilii namna hiyo kwa ajili ya sukari. Kuna aliyewahi kumwuliza ilikuwaje mwezi ule wa kwanza, mpaka akahamia chupa? Huenda aliacha huku akilia kama ulivyolia wewe, na kila akikuona unanyonyesha anasikia swali ambalo hukumwuliza. Sikulazimishi umkaribishe. Ila mkikaa pamoja siku moja bila makopo mezani, mwulize, kisha umwache aseme hadi amalize.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Imejaa kilo, wiki, saa, siku za choo na nguzo. Nilitafuta kama ameanza kukuchekea nikapakosa, na kwa wiki 11 wengi wao wameshaanza. Ukiniandikia tena, hata ikiwa saa tisa usiku kwa mkono mmoja, nieleze na hilo.